Kabla hujaamini kipimo cha maji, kipime chenyewe

MKULIMA wa Rhotia anayepeleka maharage au mbaazi kwa mnunuzi anaijua mizani vizuri. Anajua kwamba mizani inaweza kusema uongo, na kwamba lumbesi huanza pale mtu anapokubali kipimo cha mwenzake bila kukikagua. Mwangalifu hubeba kitu ambacho uzito wake unajulikana, hata kama ni pakiti ya sukari ya kilo moja, akakiweka juu ya mizani kabla ya gunia lake. Mizani ikisema kilo moja, biashara inaendelea. Ikisema gramu 900, hapo pana mazungumzo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkulima huyo huyo akinunua kifaa cha kupimia maji, awe anataka kumwagilia bustani au kufuga samaki, anakitoa kwenye boksi, anakichovya kwenye maji, anasoma namba na kuiamini papo hapo. Hajui kama kifaa kinasema kweli. Akikopa fedha za pampu, mipira ya kumwagilia matone au vifaranga vya samaki kwa kutegemea namba hiyo, ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Vifaa vya kupimia maji sasa vinapatikana kwa urahisi kuliko zamani. Vipo kwenye maduka ya pembejeo, kwenye maduka ya vifaa vya maabara na hata kwa wanaouza samaki wa mapambo mijini. Vipo vya bei ndogo sana na vipo vya bei ya ng'ombe. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua, na kanuni kuu ni moja: kifaa bora ni kile ambacho wewe mwenyewe unaweza kukikagua.

SWALI KWANZA, KIFAA BAADAYE

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kuingia dukani. Mtu anataka "kupima maji", lakini hajasema anataka kujua nini. Hakuna kifaa kinachojibu maswali yote, na boksi lenye vipimo kumi mara nyingi lina saba usivyovihitaji.

Kwa mwenye bustani, swali la kwanza ni chumvi. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi, hivyo mita ndogo hupima uwezo huo wa kupitisha umeme na kuutaja kwa desisimensi kwa mita, kwa kifupi dS/m. Mita nyingine huandika mS/cm, ambayo ni namba ile ile, au µS/cm, ambayo ni namba hiyo mara 1,000.

Kwa mfugaji wa samaki, maswali ni manne: pH, kiwango cha alkali, amonia na oksijeni iliyoyeyuka majini. Kiwango cha alkali ni uwezo wa maji kuizuia pH isipande na kushuka ghafla. Amonia hutoka kwenye kinyesi cha samaki, samadi na chakula kilichobaki.

Kwa maji ya kunywa swali ni tofauti kabisa, nalo tutaligusa mwishoni, kwa sababu hapo kifaa cha dukani hakitoshi.

HASARA INAVYOINGIA

Tuchukue mfano wa maharage. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa mwaka 1985 mwongozo wa ubora wa maji ya kumwagilia ambao wataalamu wanautumia hadi leo. Kwa mujibu wa mwongozo huo, maharage yakimwagiliwa maji yasiyozidi 0.7 dS/m yanaweza kutoa mavuno kamili. Maji yakifika 1.0, tarajia asilimia 90 ya mavuno. Yakifika 1.5, ni asilimia 75. Yakifika 2.4, nusu imekwenda.

Kitunguu, zao linalowapa wakulima wa Mang'ola fedha katika bonde la Ziwa Eyasi, hakina tofauti kubwa: mavuno kamili hadi 0.8, asilimia 90 kwenye 1.2, asilimia 75 kwenye 1.8 na nusu kwenye 2.9. Namba hizi huchukulia kwamba shamba linapitisha maji vizuri na sehemu ya maji inashuka chini na kuondoa chumvi kwenye mizizi.

Sasa tuseme maji ya kisima chako ni 1.5 lakini mita yako inasema 1.0. Eneo ambalo lingekupa magunia kumi ya maharage unalipangia magunia tisa, na unaona biashara inalipa. Ukivuna, unapata saba na nusu. Gunia moja na nusu limepotea kwenye hesabu kabla hata mbegu haijaota, na huenda ukalaumu mbegu, mbolea au jua. Ungejua mapema, pengine ungepanda zao linalovumilia chumvi zaidi, au ungetumia kisima hicho kusaidia tu pale mvua inapokatika.

AINA NNE ZA VIPIMO

Vifaa vingi vilivyopo sokoni vinaingia katika makundi manne.

La kwanza ni karatasi za kuchovya. Unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi na chati. Ni rahisi na haraka, lakini huruka hatua kubwa: pH inaweza kwenda kutoka 6 hadi 7 hadi 8 bila kitu katikati. Zinafaa kukuambia kama kuna tatizo kubwa. Hazifai kukuambia limefika wapi. Unyevu ni adui yake. Kopo likiachwa wazi wakati wa masika, karatasi zote zimekwisha.

La pili ni vichupa vya rangi. Unaweka maji kwenye kichupa, unadondosha vitendanishi, rangi inabadilika na unailinganisha na kadi. Amonia hupimwa hivi mara nyingi. Ni bora kuliko karatasi, mradi vitendanishi havijapitwa na muda na macho yako yanaona rangi vizuri.

La tatu ni kuhesabu matone. Unadondosha dawa tone baada ya tone hadi rangi igeuke ghafla, kisha unazidisha idadi ya matone. Kiwango cha alkali hupimwa hivi. Kundi hili ni la kuaminika kwa bei yake, kwa sababu kugeuka kwa rangi kunaonekana wazi na huhitaji kulinganisha kivuli cha rangi na kivuli kingine.

La nne ni mita za betri. Zinatoa namba yenye nukta, na nukta hiyo ndiyo inayodanganya watu. Mita inaweza kuandika 7.43 huku ukweli ni 6.8. Namba yenye tarakimu nyingi si namba yenye ukweli mwingi.

UKIWA DUKANI

Kabla ya kutoa fedha, angalia mambo haya.

Tarehe ya mwisho ya matumizi. Vitendanishi ni kemikali, na huharibika. Uliza pia vilihifadhiwa wapi. Chupa iliyokaa dirishani kwenye jua inaweza kuwa imeharibika kabla ya tarehe yake.

Masafa ya kipimo. Kisoma mwanzo na mwisho wake. Baadhi ya vipimo vya pH vilivyotengenezwa kwa ajili ya samaki wa mapambo wa baharini huanzia 7.4. Maji ya bwawa lako yakiwa 6.5, rangi itaishia kwenye alama ya chini kabisa, nawe utadhani ni 7.4. Mabwawa ya vioo yenye matumbawe yana mahitaji yake, kama vile kupima kalisi kila mara, na boksi lake kubwa lenye picha nzuri halitakusaidia kwa perege. Tafuta kilichoandikwa kuwa ni cha maji baridi, au cha maji baridi na ya bahari pamoja.

Hatua kati ya namba. Kama uamuzi wako unategemea kujua kama alkali iko juu au chini ya miligramu 20 kwa lita, kiwango ambacho chini yake bwawa kwa kawaida huhitaji chokaa ya kilimo, basi kipimo ambacho tone moja ni karibu miligramu 18 hakiwezi kukuamulia. Zipo namna za kukiboresha, tutaziona.

Mita za "ppm". Mita nyingi ndogo zinazoonyesha chumvi kwa ppm kwa kweli hupima umeme, kisha huzidisha namba kwa kigezo cha kiwandani. Kiwanda kimoja hutumia 0.5, kingine 0.7. Maji yale yale ya 1.5 dS/m yatasomeka 750 kwenye mita moja na 1,050 kwenye nyingine, na majirani wawili watagombana bure. Nunua mita inayoonyesha dS/m, mS/cm au µS/cm moja kwa moja.

Uwezo wa kurekebishwa. Mita isiyo na kitufe wala skrubu ya kurekebishia ni kama mizani iliyoungwa kwa gundi. Usinunue mita ambayo duka haliwezi kukuuzia maji ya kurekebishia: kwa pH ni yale ya 4 na 7, na ya 9 au 10, kwa chumvi ni yale ya 1,413 µS/cm.

Usalama. Baadhi ya vipimo vya amonia, vile vinavyogeuka manjano hadi kahawia, hutumia kitendanishi chenye zebaki. Zebaki ni sumu na haifai kumwagwa shambani wala kuachwa mahali watoto wanafika. Vile vinavyogeuka kijani kwa kawaida havina zebaki. Chagua hivyo.

KAGUA KIPIMO CHAKO NYUMBANI

Hapa ndipo penye pakiti ya sukari ya kilo moja. Kila kipimo kina njia yake ya kupimwa.

Mita ya chumvi. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji safi ya mvua. Pima maji hayo kwanza. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Kisha pima gramu 20 za chumvi ya mezani iliyokauka kwa mizani ndogo ya jikoni, tia ndani na ukoroge mpaka iyeyuke yote. Hiyo ni gramu moja kwa lita, na katika nyuzi joto 25 inapaswa kusomeka karibu 2.0 dS/m. Ukipata kati ya 1.8 na 2.2, mita yako inaaminika kwa kazi ya shamba. Kisha changanya nusu ya maji hayo na nusu ya maji ya mvua. Namba ishuke hadi karibu 1.0. Mita inayosoma sawa juu na kukosea chini haikufai, kwa sababu uamuzi wa maharage na vitunguu uko huko chini.

Kumbuka joto. Kwa kila nyuzi moja, usomaji hubadilika kwa karibu asilimia 2. Asubuhi ya baridi, maji ya nyuzi 15 yatasomeka karibu asilimia 20 chini ya ukweli kama mita hairekebishi joto yenyewe. Angalia kwenye kijitabu chake.

Mita ya pH. Hii hurekebishwa kwa yale maji maalumu, angalau mawili yanayouzunguka usomaji wako. Maji ya kurekebishia yakishamiminwa kwenye kikombe hayarudishwi kwenye chupa. Kama huna, ipo njia ya kukisia: kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda ya kuumulia keki, si magadi wala bekingi pauda, ndani ya glasi ya maji ya mvua hutoa pH ya karibu 8.3. Hiyo haitoshi kurekebisha mita, lakini mita ikisoma 7.2 kwenye glasi hiyo unajua ina ugonjwa. Ncha ya mita ya pH haipendi kukauka. Ihifadhi kwenye maji yake maalumu, na usiiloweke kwenye maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Hata ikitunzwa, ncha huchakaa baada ya mwaka mmoja au miwili.

Amonia. Pima kwanza maji safi ya kunywa ya chupa. Yanapaswa kutoa sifuri; yakitoa rangi, ama kichupa ni kichafu ama kitendanishi kimeharibika. Kisha pima maji ya bwawa, halafu uyachanganye nusu kwa nusu na maji ya chupa na kupima tena. Jibu la pili liwe karibu nusu ya la kwanza. Lisipokuwa hivyo, kipimo chako hakihesabu, kinakisia.

Matone ya alkali. Kama maelekezo yanasema tumia mililita 5 za maji na tone moja ni miligramu 18, tumia mililita 20. Sasa kila tone ni miligramu 4.5 tu, na unaweza kuamua habari ya chokaa bila wasiwasi. Pima maji kwa bomba la sindano jipya na ushike chupa ya matone wima kabisa, kwa sababu chupa iliyolala hutoa matone ya ukubwa tofauti.

Kurudia. Pima maji yale yale mara tatu. Namba zikitofautiana sana, usiamini hata moja. Zikifanana, hapo umejua kwamba kifaa hakiyumbi, lakini bado hujajua kama kinasema kweli. Mizani mbovu nayo inaweza kukosea gramu 100 zile zile kila siku. Ndiyo maana kurudia peke yake hakutoshi, na lazima pawepo kitu chenye thamani inayojulikana.

Macho. Soma rangi mchana, kivulini, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Taa ya njano hubadilisha rangi. Baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi vizuri kijani na nyekundu bila wao kujua. Wasome watu wawili, kila mmoja aandike namba yake kabla ya kumsikia mwenzake.

RHOTIA SI PWANI

Vifaa vingi huja na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mahali pa chini na penye joto. Rhotia iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hilo lina maana kwa mfugaji wa samaki.

Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo maji hubeba oksijeni kidogo. Katika nyuzi joto 20, maji yaliyojaa oksijeni usawa wa bahari yana karibu miligramu 9 kwa lita. Huku juu ni karibu 7.5. Mita ya oksijeni iliyowekewa mwinuko wa sifuri itasoma takriban moja ya tano zaidi ya ukweli. Itasema 4 wakati samaki wana 3.3 tu. Kama mita yako ina sehemu ya kuingiza mwinuko au mgandamizo wa hewa, iingize. Kama haina, tumia kipimo cha matone cha oksijeni, ambacho hakijali mwinuko.

Pima oksijeni alfajiri kabla jua halijachomoza. Usiku kucha mwani na samaki wanavuta oksijeni na hakuna mwanga wa kuizalisha, hivyo hapo ndipo huwa chini kabisa. Anayepima saa nane mchana anapima wakati bwawa linapojisifu.

pH nayo hupanda mchana na kushuka usiku, na hiyo inabadilisha maana ya amonia. Amonia iko katika hali mbili majini, moja ina sumu kali na nyingine sumu yake ni ndogo, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Tuseme kipimo kimesoma miligramu 1 ya amonia yote kwa lita, maji yakiwa nyuzi 20. Kwenye pH 7, yenye sumu kali ni 0.004 tu. Kwenye pH 8 ni karibu 0.04. Kwenye pH 9 ni 0.28, zaidi ya mara tano ya kiwango cha 0.05 ambacho wafugaji wengi hujitahidi wasikivuke. Kichupa kile kile, rangi ile ile, lakini asubuhi samaki wako salama na alasiri wako hatarini. Amonia bila pH ni nusu ya habari. Kama fedha zako zinatosha kifaa kimoja tu kizuri, weka kwenye pH.

Baridi ya Juni na Julai pia huchelewesha vitendanishi. Kipimo cha amonia kinachosema "subiri dakika tano" hakikufikiria asubuhi ya Karatu. Acha kichupa kipate joto la chumbani na umpe muda wa kutosha, la sivyo rangi haitakomaa nawe utasoma kidogo kuliko ukweli.

HESABU YA FEDHA

Bei hubadilika, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme boksi la vichupa linauzwa shilingi 50,000 na lina vipimo 100. Linaonekana rahisi: shilingi 500 kwa kipimo. Lakini ukipima mara mbili kwa mwezi na vitendanishi vikaisha muda baada ya mwaka, umetumia vipimo 24 tu, na kila kimoja kimekugharimu zaidi ya shilingi 2,000. Boksi dogo la vipimo 30 kwa shilingi 25,000 lingekuwa la gharama nafuu, ingawa bei yake kwa kipimo ilionekana kubwa dukani.

Mita ina hesabu nyingine. Tuseme ni shilingi 80,000, na maji ya kurekebishia ni 20,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 120,000. Mkulima mmoja akipima mara moja kwa mwezi, ni vipimo 24, yaani shilingi 5,000 kila kimoja. Wakulima kumi wakishirikiana, ni vipimo 240, yaani shilingi 500. Kikundi cha umwagiliaji au cha kuweka na kukopa kinaweza kununua mita moja nzuri, mtu mmoja akakabidhiwa kuitunza na kuirekebisha, na kila mwanachama akaleta chupa yake ya maji siku moja ya mwezi. Ni bora kuwa na mita moja iliyorekebishwa kuliko kumi zinazobishana.

Kwa anayeuza vifaa hivi, hapo pia pana biashara. Mwenye duka anayeweka ndoo yake ya maji ya chumvi yenye namba inayojulikana, na kumruhusu mteja ajaribu mita kabla ya kulipa, atauza zaidi kuliko anayesema "hakuna kurudisha".

MAABARA INA KAZI YAKE

Hata kipimo kilichokaguliwa kina mipaka. Mita ya chumvi haikuambii ni chumvi gani. Maji yenye sodiamu nyingi yanaweza kugandamiza udongo ukawa kama sakafu hata kama usomaji wa mita si mbaya sana. Kabla ya kuchimba kisima cha kumwagilia au kuweka mfumo wa matone, lipia uchunguzi kamili wa maabara angalau mara moja, kisha tumia mita yako kufuatilia mabadiliko ya msimu. Ofisi ya maji ya wilaya au afisa ugani anaweza kukuelekeza maabara ya kupeleka. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, ni sehemu zinazojulikana kwa uchunguzi wa udongo.

Siku unapopeleka sampuli, ujipatie faida mbili. Suuza chupa safi mara tatu kwa maji yale yale, ijaze hadi juu bila kuacha hewa, ifunge, iweke mahali pa baridi pasipo na mwanga na uifikishe haraka. Kabla ya kuifunga, pima maji hayo kwa kifaa chako na uandike. Majibu yakirudi, utajua mita yako inatofautiana na maabara kwa kiasi gani. Ukitaka kuijua na maabara yenyewe, peleka chupa mbili za maji yale yale zenye majina tofauti.

Kwa maji ya kunywa, usitegemee karatasi wala mita ya chumvi. Vijidudu havionekani kwenye mita hiyo. Na katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa lipo tatizo la floraidi, madini yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, kudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa.

Karatu ina mfano wake wa kujivunia. Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyetoka wilayani humu, alishinda mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alishinda kwa chujio la maji linalotengenezwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika. Fundisho lake kwa mkulima ni hilo hilo: huwezi kuchagua dawa ya maji kabla ya kujua ndani yake mna nini, na huwezi kujua kwa kipimo usichokiamini.

Nunua daftari la kurasa chache uliweke pamoja na kifaa chako. Kila unapopima, andika tarehe, saa, joto la maji, namba uliyosoma na siku ya mwisho uliyokikagua kifaa. Baada ya masika moja na kiangazi kimoja utakuwa na kitu ambacho muuza pampu, afisa wa mikopo na mnunuzi wa samaki hawawezi kukupinga nacho. Na siku mita ikianza kusema mambo mapya, utajua kwanza kuiuliza ndoo ya maji ya chumvi kabla ya kukimbilia kulima upya.